Kubadilisha insulesheni ya zamani darini: mwongozo kamili kwa mlionunua nyumba za kizamani kwenye majimbo ya baridi

Huu mwongozo ni wa wenzetu walionunua nyumba za zamani huku Minnesota, Iowa, Ohio, Maine na majimbo mengine ya baridi, zile nyumba za miaka ya 1920 mpaka 1970 ambazo bei yake angalau mtu wa mshahara wa kawaida anaiweza, alafu ikifika Januari fanesi, ile mashine ya kupasha nyumba joto, haizimi, watoto wa chumba cha juu wanalala na masweta, na bili ya gesi ikija unahisi wamekuletea yako pamoja na ya jirani. Ukiuliza, kila mtu atakwambia insulesheni, yaani ile pamba ya kuzuia joto lisitoroke, imechoka, toa weka mpya. Na makontrakta wa kukupigia hesabu ya kutoa yote kuanzia kesho asubuhi wapo wa kutosha.

Mimi nakwambia punguza spidi kidogo. Insulesheni inapunguza joto linalopenya kwenye dari lenyewe, haizuii hewa. Na kwenye nyumba za zamani joto jingi linatoroka na hewa, kupitia matundu yaliyojificha chini ya ile pamba: pale nyaya za umeme zilipopandia, bomba la choo lilipotokea, pembeni ya chimni, kwenye taa za dari. Ukitoa ya zamani ukaweka mpya bila kuziba hayo matundu ni sawa na kununua chandarua kipya kizito chenye matundu yaleyale. Kwa hiyo kazi inaenda hivi: kagua, amua kama kuna haja ya kutoa, ziba, weka sawa njia za hewa ya paa, ndo umwage insulesheni.

Nitaongelea dari zaidi maana ndo sehemu yenye faida kubwa na ndo kazi ambayo mtu anaweza kuifanya mwenyewe wikiendi na rafiki mmoja. Kuta na besimenti (chumba cha chini ya nyumba) nitazigusa baadaye.

Kabla hujagusa chochote, panda ukaangalie

Vaa barakoa ya N95 au zaidi, miwani ya fundi, glavu, shati la mikono mirefu, tochi ya kichwani. Beba rula na simu ya kupigia picha. Ukifika juu kanyaga kwenye maboriti tu, katikati ya boriti na boriti hapo chini ni bodi ya gipsamu, haibebi mtu, utatokea sebuleni. Kipande cha plaiwudi cha kupigia magoti kitakusaidia sana. Na usichokoechokoe kitu, kwanza tumia macho.

Unachotafuta cha kwanza ni kujua uliyonayo ni insulesheni ya aina gani. Mablanketi ya pinki au ya njano, au pamba nyeupe iliyolegea, hiyo ni faibaglasi. Kijivu kama karatasi zilizosagwa, ukiangalia vizuri unaona hadi herufi za magazeti, hiyo ni selulosi, na kweli ni magazeti, yamechanganywa na chumvi za boroni zisishike moto. Ya kijivu au kahawia yenye nyuzi nzito ni pamba ya mawe. Hizi zote hazitishi.

Inayotisha ni hii: punje punje kama changarawe nyepesi, zinang'aa kidogo, rangi ya dhahabu iliyofifia au kahawia-kijivu, kila punje ukiikagua ina tabaka tabaka. Hiyo ni vemikulaiti. Ukiiona shuka chini, funga mlango wa darini, na mwongozo huu kwako unasimama kwanza. Sababu ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya vemikulaiti yote iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990 ilitoka kwenye mgodi mmoja karibu na Libby, Montana, na kwenye mwamba wa mgodi huo kulikuwa na asbesto, madini ya nyuzi nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, ikachimbwa pamoja, ikauzwa pamoja, nyingi kwa jina la Zonolite. EPA, shirika la serikali la mazingira, wanachosema ni kifupi tu: ichukulie kwamba ina asbesto na usiivuruge. Usiifagie, usiivute na vakyumu, usiweke maboksi yako juu yake, watoto wasipande. Kuitoa ni kazi ya kampuni yenye leseni ya asbesto na si kazi ya binamu yako mwenye pikapu. Kuna mfuko wa fidia ulioanzishwa kutokana na kesi za Zonolite ambao unarudisha sehemu ya gharama za kuitoa, tafuta ZAI Trust, ila soma masharti kabla kazi haijaanza maana wanataka ushahidi na picha. Na ukiona mabomba au dakti (mifereji ya kupitishia hewa) zilizofungwa kitu kama bandeji nyeupe za plasta, hayo nayo usiyaguse.

Cha pili, umeme. Nyumba za kabla ya miaka ya 1940 mara nyingi zina nyaya zinazopita mojamoja, zimeshikiliwa na vigololi vyeupe vya kauri na kupenya kwenye boriti kwa vibomba vya kauri hivyohivyo. Zile nyaya zilitengenezwa zipoe kwa hewa iliyozizunguka, ukizifukia kwenye insulesheni zinapata joto na hiyo ndo njia ya kuunguza nyumba. Ita fundi umeme mwenye leseni aseme kama bado zinapitisha umeme, na kama zinapitisha zibadilishwe kwanza. Najua hela inauma, ila hapa hamna njia ya mkato.

Cha tatu, maji. Tazama mbao za paa kwa chini, madoa meusi, mbao laini ukibonyeza na bisibisi, misumari yenye kutu. Ukipanda Januari siku ya baridi kali na kukuta misumari yote imevaa barafu nyeupe, usikimbilie kulaumu paa, mara nyingi ni hewa yenye unyevu kutoka jikoni na bafuni imepanda ikaganda kwenye chuma. Siku ikipata joto ile barafu inayeyuka, inadondokea kwenye insulesheni, na wewe chini unaona doa kwenye dari unaita fundi wa paa ambaye naye hatakosa cha kukuuzia.

Cha nne, na hiki wengi wanakipita: angalia sehemu ambazo pamba ya pinki imegeuka nyeusi kama masizi. Watu wanadhani ni ukungu. Mara nyingi ni vumbi. Hewa ya ndani imepita hapo miaka na miaka, pamba ikafanya kazi ya kichujio, uchafu ukabaki. Ukinyanyua hapo utakuta tundu chini yake. Piga picha kila doa la hivyo, ndo ramani yako ya kuziba.

Mavi ya panya na popo nayo yaangalie. Popo wakiwepo usifunge chochote kwanza, majimbo mengi yana sheria za kuwalinda hasa miezi ya kiangazi wanapolea watoto, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo.

Utoe au uache?

Swali ndo hili. Jibu langu: kama ni kavu, haina mavi, haina harufu, si vemikulaiti na haijaungua, iache. Faibaglasi ya 1975 iliyo kavu bado ni faibaglasi, haina tarehe ya kuisha. Utaisogeza pembeni ili uzibe, utairudisha, alafu unamwaga mpya juu yake. Kontrakta anayesisitiza kwamba lazima yote itoke kwa sababu tu ni ya zamani, muulize akuonyeshe tatizo lenyewe kwa picha.

Inatoka ikiwa imelowa ikashikamana, imejaa mavi na mikojo ya wanyama, imeota ukungu, kuna moshi wa moto ulipita, au kuna fujo kubwa ya umeme ambayo fundi hawezi kuifikia bila dari kuwa wazi. Pia kama umeamua kuziba kila kitu kwa umakini na iliyopo ni ya kumwaga inchi tano sita zimesambaa kote, kuna wakati kuitoa ni rahisi kuliko kuikokota huku na kule ukiwa umepiga magoti.

Hesabu kidogo, zinasaidia kujua wapi pa kuweka hela

Uwezo wa insulesheni unapimwa kwa R. R kubwa, joto linapita kidogo. Kwa makadirio, faibaglasi ya kumwaga ni kama R-2.5 kwa inchi moja, selulosi kama R-3.5, foamu ngumu ya kupuliza kama R-6. Kanuni za mfano za ujenzi za 2021 zinataka R-60 darini kwa nyumba mpya kwenye maeneo ya baridi, na ENERGY STAR, mpango wa serikali wa kuokoa nishati, kwa nyumba za zamani zenye inchi tatu nne tayari wanapendekeza uongeze karibu R-49.

Sasa chukua dari la futi za mraba 1,000. Ndani ni nyuzi 70 za Fahrenheit, nje ni 0, yaani karibu 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, jioni ya kawaida tu ya Januari huku. Joto linalopita unalipata kwa kuzidisha eneo kwa tofauti ya nyuzi, kisha ugawe kwa R. Dari tupu lina kama R-2, unapoteza BTU 35,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Ukiwa na R-10, yaani inchi nne za pamba ya zamani, ni 7,000. R-49 ni kama 1,430. R-60 ni kama 1,170. Umeona inavyoenda? Kutoka R-10 mpaka R-49 ni faida nzuri, kutoka R-49 mpaka R-60 ni chenji. Kwa hiyo kama bajeti imebana usijiue kutafuta ile R-60, tumia hiyo hela kuziba.

Na kuna hii ya mlango wa darini ambayo huwa nawaambia watu hawaamini. Kale kamlango ka futi 2 kwa 3 unakopandia, ka plaiwudi tupu, kana R-1 hivi. Umemwaga R-60 dari lote la futi 1,000, ukaacha kamlango kalivyo. Ukipiga hesabu ya dari zima kwa pamoja R yako imeshuka mpaka kama 44. Futi sita za mraba tu zimekula robo ya kazi, na hapo sijahesabu upepo unaopita pembeni yake.

Hela, misaada na makontrakta

Anza na ukaguzi wa nishati. Kampuni nyingi za gesi na umeme wanautoa kwa bei ya chini au bure, piga ile namba iliyo kwenye bili uulize. Hakikisha ukaguzi una kile kipimo cha feni mlangoni: wanafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, inavuta hewa nje mpaka tofauti ya mgandamizo inafika paskali 50, alafu wanazunguka na kamera ya joto. Hapo utaona mwenyewe upepo unavyoingia kwenye soketi na taa.

Kama kipato chenu ni kidogo kuna Weatherization Assistance Program, ya serikali kuu, ipo tangu 1976, inafanya kazi ya kuziba na insulesheni bure. Kwa ujumla familia yenye kipato kisichozidi asilimia 200 ya mstari wa umaskini wa serikali inaweza kuomba, na hata mpangaji anaweza kuomba mwenye nyumba akikubali. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo omba leo hata kama baridi iko mbali.

Lile punguzo la kodi ya serikali kuu kwa kazi za insulesheni, la asilimia 30, mwisho dola 1,200, limeisha kwa kazi zilizokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Kama yako ilimalizika mwaka 2025 unaweza kuidai kwenye ritani ya mwaka huo. Ila mtu akikuuzia kazi mpya leo akakwambia serikali itakurudishia hiyo 30, huyo ama hajui ama anajua vizuri sana.

Ukimpa kontrakta kazi ya kumwaga, kuna sheria ya Federal Trade Commission, shirika la serikali linalolinda wateja, inayomtaka akupe mkataba au risiti inayoonyesha eneo alilofunika, unene, thamani ya R na idadi ya mifuko aliyotumia. Hiyo idadi ya mifuko ndo ya muhimu. Kuna mchezo, hasa kwenye faibaglasi, mashine inawekewa hewa nyingi, pamba inavimba, rula inasoma inchi 18 mteja anafurahi, kumbe mifuko iliyoingia ni nusu. Kila mfuko una jedwali linalosema kwa futi 1,000 na R fulani inahitajika mifuko mingapi. Siku ya kazi hesabu mifuko mitupu mwenyewe, bila aibu.

Kutoa ya zamani

Kama umeamua kutoa, ya mablanketi unaikunja taratibu unaingiza kwenye mifuko mizito ya taka ukiwa hukohuko juu, usiipitishe sebuleni ikiwa wazi. Ya kumwaga inatolewa na vakyumu kubwa ya kukodi, mashine inakaa nje, mpira mrefu unaingia mpaka darini, uchafu unajaa kwenye mfuko mkubwa uani. Hii ya kukodi ni kazi nzito na chafu kupita kawaida, na kama kuna sehemu moja ambayo ningemlipa mtu ni hapa. Vakyumu ya nyumbani sahau, itaziba na kukohoa vumbi nyumba nzima.

Penye mavi ya panya kuna utaratibu wake kwa sababu ya virusi vya hanta: fungua hewa ipite nusu saa, usifagie wala kuvuta kikavu, nyunyizia maji yenye dawa ya kuulia vijidudu au bliichi sehemu moja kwa maji sehemu tisa mpaka ilowe, subiri dakika tano, ndo uokote na glavu. Kama dari zima limekuwa choo cha panya, waachie watu wa kazi.

Fanya haya masika au vuli, huku wanaita spring na fall. Julai mchana darini panaweza kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi na mtu anazimia kweli, kwa hiyo kama ni lazima iwe kiangazi panda alfajiri ushuke kabla ya saa nne.

Kuziba, hapa ndo penye mali

Dari liko wazi, au umesogeza pamba. Pita chumba kwa chumba ukiwa na ramani yako ya madoa meusi.

Anza na makubwa. Juu ya makabati ya jikoni, juu ya bafu, na juu ya ngazi mara nyingi mafundi wa zamani waliacha uwazi mkubwa kabisa unaoshuka mpaka ndani ya ukuta, ukimulika na tochi unaona chini. Hayo unakata foamu ya bodi au gipsamu, unafunika, unaziba kingo na foamu ya kopo. Ukiziba mawili matatu ya hivi umeshafanya zaidi ya kuzunguka nyumba nzima na silikoni kwenye madirisha.

Chimni na bomba la moshi la fanesi ni tofauti, hapo foamu ya kawaida marufuku, inashika moto. Unakata bati jembamba kufuata umbo, unalipigilia kwenye mbao, unaziba kingo na silikoni ya moto ile iliyoandikwa ya joto kali. Alafu unazungushia ukuta mdogo wa bati ili insulesheni isigusane na bomba, chimni ya matofali iachie inchi 2, bomba la bati fuata kipimo kilichoandikwa kwenye bomba lenyewe.

Baada ya hapo yanafuata madogo ambayo ni mengi: bomba la hewa la choo, kila waya unaozama kwenye ubao wa juu wa ukuta, boksi za taa na feni, na ule mstari mrefu ambapo gipsamu inakutana na mbao ya juu ya ukuta. Nafasi chini ya robo inchi tumia silikoni, mpaka inchi tatu tumia foamu ya kopo. Foamu inanata hatari, haitoki kwenye nywele wala nguo, vaa kofia.

Taa zile za kuzama darini zikague moja moja. Zilizoandikwa IC zinaruhusiwa kuguswa na insulesheni. Zisizo na hiyo alama zinataka inchi 3 pembeni na juu pawe wazi, yaani ni shimo la kudumu kwenye insulesheni yako. Ushauri wangu zing'oe tu, weka zile bapa za LED zisizopitisha hewa, bei si kubwa siku hizi.

Ukishaziba, nyumba imebana kuliko zamani, na hapa kuna hatari ambayo lazima iangaliwe. Kama hita ya maji au fanesi yako ni ya zamani, ile inayotegemea moshi kupanda wenyewe kwenye chimni, feni za bafuni na jikoni zinaweza kuuvuta moshi urudi ndani. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hainuki. Weka alamu ya kaboni monoksaidi kila ghorofa karibu na vyumba vya kulala kabla hujaanza kazi, na baada ya kuziba mwite mkaguzi apime upya vifaa vyote vya gesi. Hii si hiari.

Njia za hewa

Dari la baridi linatakiwa kupumua kutoka kwenye ukingo wa paa kwenda juu. Kipimo cha kawaida ni futi moja ya mraba ya uwazi kwa kila futi 300 za dari, nusu chini na nusu juu, na kama huna huo mgawanyo ni moja kwa 150. Tatizo la nyumba za zamani ni kwamba insulesheni imesukumwa mpaka ukingoni ikaziba hewa. Kwa hiyo kila nafasi kati ya kenchi na kenchi unapigilia kile kifereji cha plastiki au foamu kinachoshika chini ya mbao za paa, kinalinda njia ya hewa, na chini yake unaweka kizuizi upepo usipeperushe pamba.

Feni ya bafuni: fuata dakti yake uone inaishia wapi. Nyingi zinaishia darini hivihivi, maana yake kila mtu akioga unamwaga mvuke juu ya mbao zako. Ipeleke nje kabisa kupitia paa au ukuta, na dakti yenyewe ivalishwe insulesheni la sivyo maji yataganda ndani na kurudi kukudondokea ukiwa bafuni.

Kumwaga

Mimi ni mtu wa selulosi kwa dari la kawaida. Inajaza vizuri kona mbovu, R kwa inchi ni nzuri, bei iko sawa. Faibaglasi ya kumwaga nayo haina neno, ni nyepesi zaidi, na kama gipsamu yako ni nyembamba ya nusu inchi na maboriti yako mbalimbali inchi 24, uzito wa selulosi nyingi unaweza kuifanya ibonyee, hapo chagua faibaglasi. Foamu ya kupuliza kwenye paa lenyewe ni kazi ya watu maalumu, ghali, na ikikosewa mchanganyiko harufu yake hamtaimaliza. Kwa dari ambalo halina dakti za fanesi juu sioni sababu yake.

Maduka makubwa ya vifaa yanakodisha mashine ya kumwagia, mengine wanakupa bure kwa siku ukinunua mifuko ya kutosha. Mmoja anakaa nje analisha mashine, anavunja mabonge kwa mkono, mwingine yuko juu na mpira. Wekeni ishara ya simu kabisa maana hamtasikizana. Kabla ya kuanza, pigilia rula za karatasi kwenye maboriti sehemu mbalimbali, zitazame mlango wa darini ili hata mkaguzi akichungulia azisome. Zungushia mlango boksi la plaiwudi refu kuliko kimo cha insulesheni isiwe inamwagikia chini kila ukifungua. Anzia mbali kabisa, rudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, shikilia mpira chini chini uache ijae yenyewe. Selulosi inashuka ikikaa, kwa hiyo kwenye jedwali la mfuko fuata ule unene wa siku ya kwanza.

Usitandike plastiki wala mablanketi yenye karatasi juu ya insulesheni ya zamani. Huku kwenye baridi kizuizi cha mvuke kinakaa upande wa joto, chini, ukikiweka katikati au juu unyevu unanaswa.

Mlango sasa. Gundi foamu ya bodi tabaka mbili au tatu mgongoni, inchi 4 au zaidi, weka mpira wa kuziba upepo kwenye fremu, na kulabu mbili za kuubana ukae. Kama una ngazi ya kukunja nunua au tengeneza boksi la foamu la kuifunika kwa juu.

Besimenti na kuta, kwa kifupi

Shuka besimenti, angalia pale mbao za sakafu zinapokalia ukuta wa zege. Kila kiboksi kile kata foamu ya bodi ya inchi 2, isukume ndani, ziba kingo na foamu ya kopo. Ukimaliza miguu itajua. Kuta tupu zinatobolewa kwa nje na kujazwa selulosi kwa kubanwa, hiyo mpe kampuni, na nyumba za kabla ya 1978 wakumbushe kuhusu rangi yenye madini ya risasi kabla hawajatoboa.

EPA wanakadiria kuziba na kuongeza insulesheni kwenye dari, sakafu zilizo juu ya uwazi wa chini ya nyumba na hizo kingo za besimenti kunapunguza wastani wa asilimia 15 ya gharama za kupasha na kupoza nyumba. Nyumba iliyokuwa mbovu sana inaweza kupata zaidi, iliyokuwa nafuu itapata chini ya hapo, usimwamini anayekuahidi nusu ya bili.

Theluji ya kwanza ikianguka, subiri siku mbili, alafu toka nje utazame paa lako na ya majirani. Panapoyeyuka mapema, hasa duara la peke yake au mstari juu ya ukuta wa bafu, ujue chini yake kuna tundu lilikupita, na zile nguzo za barafu zikijipanga ukingoni ni joto linayeyusha theluji juu, maji yanashuka yanaganda kwenye ukingo wa baridi, yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae. Piga picha ukiwa chini, andika ni juu ya chumba gani, na masika upande na kopo moja la foamu.